Maswali ya Bustani: Joto Limevunjika, Tupande Nini?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Ghuba, nyingi Oman, na swali lililojificha ndani yake ni moja: wakati umefika au bado? Wasomaji wetu wa Mombasa na Dar es Salaam wakumbuke kwamba kwa ndugu zao wa Maskati mwaka wa bustani huanza Septemba na kufungwa Mei. Vuli ndiyo masika yao, ijapokuwa mvua hakuna. Jibu letu fupi kwa wote ni hili: msiangalie kalenda, wala joto la mchana. Angalieni joto la usiku.

Salaam aleikum wahariri. Mwaka jana nilinunua miche ya nyanya mwisho wa Agosti. Ilikua, ikachanua, kisha maua yote yakapukutika. Baadaye majani yakajikunja na miche ikadumaa. Mwaka huu nianze lini, na nifanye nini yasinikute tena?
*Mama wa watoto wanne, Al Khoud, Maskati*

Waalaykumu salaam, mama. Umepatwa na mambo mawili, na kila moja lina sababu yake.

Maua yalipukutika kwa joto. Chavua ya nyanya hufa mchana ukipita nyuzi 35, na hata mchana ukiwa na nafuu, usiku unaokaa juu ya nyuzi 24 hulifanya ua lishindwe kushika tunda. Maskati huendelea na usiku wa namna hiyo mpaka Oktoba. Kwa hiyo mche uliopandwa Agosti huchanua wakati ambao hauwezi kuzaa, ukamaliza nguvu zake bure. Hesabu ifanywe kinyumenyume: tunataka maua ya kwanza yafunguke katikati ya Novemba. Mche huchanua kama wiki 4 baada ya kupandikizwa, basi upandikizwe katikati ya Oktoba. Kitaluni hukaa wiki 5, basi mbegu zipandwe wiki ya kwanza au ya pili ya Septemba.

Tumia trei ya vishimo yenye udongo wa miche, mbegu moja kila kishimo, kina cha nusu sentimeta. Iweke penye kivuli chenye mwanga, nje, si sebuleni. Ndani ya nyumba mche hurefuka kama uzi, na ukitolewa juani huungua siku ya kwanza. Baada ya majani mawili ya kweli kutoka, mpe mbolea ya maji ya 20-20-20 (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizoandikwa kwenye mfuko), gramu 1 kwa lita, mara moja kwa wiki. Wiki moja kabla ya kupandikiza, sogeza trei kwenye jua la asubuhi, kwa muda wa saa 1 siku ya kwanza na kuongeza kidogo kidogo.

Pandikiza jioni, sentimeta 50 kati ya mche na mche, na uufukie mpaka karibu na majani ya kwanza, kwani shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusa udongo. Neti ya kivuli ya asilimia 50 ibaki juu kwa siku 10 za mwanzo. Mwisho wa Oktoba iondoe kabisa. Wengi huisahau hadi Desemba, wakapata majani mazuri na matunda haba.

Sasa kujikunja kwa majani. Kama yalijikunja kuelekea juu, kingo zikawa njano na mche ukasimama palepale, hicho ni kirusi cha majani njano, kinacholetwa na nzi weupe. Nzi huyo ni mdogo kuliko punje ya ufuta na hukaa chini ya jani. Kirusi hakina dawa. Mche ulioshikwa ung'olewe siku ileile, utiwe ndani ya mfuko, ufungwe, utupwe. Kinga ni kuwazuia nzi wasifike katika wiki 6 za mwanzo: funika trei, na baadaye tuta, kwa kitambaa cha neti laini sana, kingo zikandamizwe kwa mchanga. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe kwa kutikisika, kwa hiyo neti haizuii tunda. Kukipiga kwa kidole kila asubuhi kijiti kinachoegemeza mche kunatosha. Na miche ya dukani ya Agosti, tunasema wazi, ni ya kuachwa dukani. Mara nyingi imekwisha kutembelewa na nzi.

Mbegu zangu za saladi na kotimiri hazioti kabisa. Nimebadilisha pakiti mara tatu.
*Msomaji, Ruwi*

Pakiti hazina kosa. Mbegu ya saladi hujifunga udongo ukipita nyuzi 30 hivi. Iko hai lakini inakataa. Ihadae: iweke katikati ya karatasi laini yenye unyevu, uitie ndani ya chombo chenye kifuniko, kisha ndani ya friji, si penye barafu, siku 3. Isie baada ya jua kuzama, juu juu tu, kwa kuwa inataka mwanga. Uinyunyizie na uifunike kwa gunia bichi mpaka ichomoze. Litazame gunia kila asubuhi. Likikaa siku moja zaidi baada ya mbegu kuchomoza, miche inakuwa myeupe na kulala.

Kotimiri subiri hadi katikati ya Oktoba. Ile punje ya mviringo ya giligilani ina mbegu mbili ndani, basi ipondeponde kidogo kwa kibao cha chapati mpaka ipasuke vipande viwili, uiloweke usiku mmoja, uisie kina cha sentimeta 1. Hutoka baada ya siku 7 hadi 14. Giligilani za duka la viungo huota vizuri mradi si za zamani, na bei yake haina mfano na pakiti ya mbegu. Usipandikize kotimiri, mzizi wake wa kati ukiguswa hukimbilia kutoa maua. Sia mstari mpya kila baada ya wiki 3 ndipo utakuwa na majani mpaka Machi.

Nyumba yetu Barka ina kisima. Babu alikuwa akimwagilia kila kitu, sasa maji yana ladha ya chumvi na udongo unatoa ukungu mweupe juu. Maharage yanaungua ncha za majani. Nifukie kisima nitumie maji ya bomba tu?
*Kijana wa Batina*

Usifukie, ndugu. Lakini kwanza pima. Kipima chumvi kidogo cha mkononi hakigharimu sana, na bila hicho unabahatisha. Pwani ya Batina visima vingi vimeingiwa na maji ya bahari kwa sababu ya kuvuta maji mengi kuliko yanayorudi ardhini, na hali hutofautiana nyumba hadi nyumba, hata msimu hadi msimu.

Kipimo hutoa namba ya upitishaji umeme, kwa kifupi EC. Izidishe kwa 640 upate takriban miligramu za chumvi kwa lita: maji ya EC 3 yana kama gramu 2 za chumvi katika kila lita. Mimea nayo ina uvumilivu wake. Maharage, karoti na stroberi huanza kupunguza mazao chumvi ya udongo ikifika EC 1 tu, saladi 1.3, spinachi 2, nyanya 2.5. Kiazi chekundu cha saladi na mtende huvumilia hadi 4. Unaona basi kwamba maharage yako yalikuwa ya kwanza kulalamika kwa sababu yamo miongoni mwa mimea iliyo dhaifu zaidi.

Kazi ya vuli kwako ni kuosha udongo kabla ya kupanda, na maji ya kuoshea yawe ya bomba. Maji ya kina cha sentimeta 15 huondoa karibu nusu ya chumvi iliyomo katika sentimeta 30 za juu. Sentimeta 30 za maji huondoa kama asilimia 80. Kwa tuta la mita 1 kwa mita 3, sentimeta 15 ni lita 450. Usizimwage mara moja. Mwaga lita 150, acha zizame, rudia kesho na keshokutwa. Hili hufaa tu ikiwa maji yana pa kwenda: chimba shimo la sentimeta 50, lijaze maji, na kama baada ya saa 4 bado limejaa, chini kuna tabaka gumu na utakuwa unaihamisha chumvi juu na chini bila kuitoa. Hapo jenga tuta la kuinuliwa la sentimeta 30 kwa matofali, ulijaze mchanga usio na chumvi sehemu 3 kwa sehemu 1 ya samadi iliyooza.

Juu ya samadi tutoe onyo. Ya ng'ombe inayouzwa kwa magunia mara nyingine yenyewe ina chumvi nyingi. Ijaribu: changanya na mchanga, sia mbegu 20 za figili ndani ya mkebe. Zikitoka 15 au zaidi ndani ya siku 6 na ncha hazijaungua, inafaa.

Baada ya kupanda, changanya maji ya kisima na ya bomba hadi EC ishuke chini ya 1.5 (kwa maharage, chini ya 0.7), na umwagilie kwa matone, si kwa kurashia juu ya majani. Chumvi hukimbilia ukingoni mwa eneo lililolowa, kwa hiyo mche uwe karibu na tone, na tuta lisikauke kabisa. Hapa pana jambo linaloshangaza wengi: mvua ndogo ikinyesha, usifunge matone, yafungue. Rashasha ya milimita 5 huirudisha ile chumvi ya ukingoni moja kwa moja kwenye mizizi, na mimea hunyauka siku ya pili watu wakalaumu ugonjwa.

Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi. Pwani yenye unyevu mashine moja inaweza kujaza ndoo kwa siku, na Oktoba bado inadondoka. Yakusanyieni vyungu na miche.

Nina vyungu 12 kwenye roshani ya ghorofa ya saba, Dubai. Inatazama kaskazini. Kiangazi vinapata jua kali asubuhi na jioni, lakini kuanzia sasa hakuna jua kabisa. Je, ni macho yangu?
*Bibi wa Deira*

Si macho yako, bibi. Juni jua linapita karibu utosini, na asubuhi na jioni huchungulia upande wa kaskazini. Desemba saa sita mchana liko nyuzi 41 tu juu ya upeo, upande wa kusini. Roshani yako haitaliona tena hadi karibu mwisho wa Machi. Usihangaike na nyanya wala pilipili. Panda vinavyotaka mwanga bila jua: nanaa, kitunguu cha majani, saladi ya kukata majani. Kitunguu kimoja cha jikoni kilichoanza kuchipua, kikifukiwa nusu ndani ya chungu, kitakupa majani ya kachumbari kwa wiki kadhaa.

Wenye nyua na wenye kuta ndefu nao wasikilize hapa. Maskati, ukuta wa mita 2 uliopo kusini mwa tuta hutupa kivuli cha mita 2 na kitu saa sita mchana mwezi wa Desemba. Tuta lililokuwa likichomwa Juni linakuwa gizani wakati uleule mboga zinapohitaji jua. Kabla hujachimba, simamisha kijiti na uhesabu: mboga za matunda zinataka saa 6 za jua, za majani 4.

Mama yangu alizaliwa Unguja. Anataka asumini, mrehani na kilua mlangoni kama kwao, ili awe anatengeneza vikuba vyake, vile vishada vya maua ya harufu. Asumini tunayo, miaka miwili, lakini maua machache mno.
*Binti, Sib*

Mpe mama salamu zetu. Asumini na mrehani atapata, tena kwa wingi. Kilua ni mtihani.

Asumini huchanua kwenye chipukizi jipya. Mti usiokatwa hubaki na matawi makongwe yaliyojaa majani, maua mawili matatu juu. Sasa hivi, joto linapopungua lakini usiku bado una uvuguvugu, kata theluthi moja ya urefu wa kila tawi, juu ya jozi ya majani. Toa kabisa matawi makavu ya ndani. Mwagilia, kisha mpe kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya 15-15-15, ukiizungushia mbali na shina, na mwagilia tena. Baada ya wiki 4 hadi 6 utapata mkupuo wa vuli. Januari utapungua, hilo ni la kawaida. Usiongeze mbolea kwa hasira. Mkato mkubwa ungoje mwisho wa Februari.

Kagua chini ya majani. Vitone vya njano juu ya jani na utando mwembamba chini yake ni utitiri, mabaki ya kiangazi. Bomba la maji lenye nguvu, kutokea chini kwenda juu, asubuhi 3 mfululizo, huondoa wengi kuliko dawa yoyote. Wakibaki, changanya mililita 5 za sabuni ya maji isiyo na manukato kwa lita 1, unyunyize jioni, uoshe kesho yake.

Kwa kikuba, vitumba huchumwa alasiri, vikiwa vimevimba na vyeupe lakini bado vimefumba. Viwekwe ndani ya kitambaa kibichi, ndani ya bakuli lililofunikwa. Vitafunguka baada ya magharibi, na harufu itakuwa mkononi mwa mama, si imepotea mtini.

Mrehani hufa mapema kwa kuachwa utoe maua. Kata kila kichwa cha ua kinapoanza, juu tu ya jozi ya majani, na kwa mkupuo mmoja usizidi theluthi ya mmea. Vipande vya sentimeta 10 vilivyokatwa viondolewe majani ya chini, vitiwe ndani ya glasi ya maji. Mizizi hutoka kwa siku 7 hadi 10. Fanya hivyo Oktoba, na utakuwa na vyungu vipya wakati mmea wa zamani unapochoka.

Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, kilichozoea kivuli cha miti mikubwa na udongo wenye majani yaliyooza. Upepo mkavu na maji ya chumvi huuunguza. Mkipata mche, na kabla ya kuusafirisha muulize sheria za karantini maana mimea haiingii tu hivi hivi, uwekeni ndani ya chungu kikubwa upande wa kaskazini wa nyumba, mboji kwa wingi, matandazo ya sentimeta 5, na maji ya kiyoyozi au ya bomba peke yake. Hukua taratibu sana. Mama asiahidiwe maua mwaka huu.

Mndimu wetu una majani ya njano. Jirani anasema kata, ni ugonjwa ule wa ufagio. Ni kweli?
*Msomaji, Nizwa*

Usishike shoka kabla ya kutazama ni jani lipi. Majani makongwe ya chini yakiwa njano yote, mti una njaa ya naitrojeni. Majani machanga ya juu yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, ni ukosefu wa chuma. Chuma kimo udongoni, lakini udongo wa Oman una chokaa nyingi na mizizi haiwezi kukichukua. Misumari yenye kutu iliyozikwa shinani, dawa ya wazee, haisaidii kitu katika udongo huu. Nunua chuma chenye herufi EDDHA kwenye pakiti. Chenye EDTA ni rahisi zaidi lakini hukosa nguvu kwenye chokaa. Mti wa miaka 4 unatosha gramu 30 hadi 50 ndani ya ndoo ya maji, imwagwe chini ya ncha za matawi palipo na mizizi myembamba, si shinani. Rangi yake ni ya damu na haitoki kwenye marumaru. Chipukizi la baada ya wiki 3 litakuambia kama umefaulu. Majani yaliyokwisha kuwa njano hayarudi sana.

Ufagio wa mchawi ni kitu kingine. Utaona tawi moja lenye vijitawi vingi vilivyosongamana, majani madogo madogo, rangi ya kufifia, bila miiba ya kawaida na bila ndimu. Umekuwapo Oman tangu miaka ya 1970, umemaliza mashamba mengi ya ndimu ya Batina, na unaenezwa na mdudu mrukaji anayefyonza majani. Kukata tawi kunapendezesha mti tu. Kama ndio huo, jirani yako ana haki: ng'oa, uchome, na usipande ndimu nyingine palepale wala karibu na mti mwingine wenye ugonjwa. Chungwa na balungi hustahimili zaidi.

Saa ya kumwagilia iwekwe vipi sasa? Fundi aliiweka Juni na hatujaigusa.
*Msomaji, Bawshar*

Ndiyo maana bili haishuki! Kwa matuta ya mboga na matone ya lita 4 kwa saa, Septemba dakika 20 alfajiri na 10 alasiri. Oktoba mwisho, dakika 20 alfajiri tu. Desemba na Januari, dakika 30 kila baada ya siku 2. Udongo wa mchanga mtupu unataka mara nyingi zaidi kwa kipimo kidogo. Chomeka kidole sentimeta 5: ukitoka na udongo umeshika, subiri. Matone yaliyoziba kwa chokaa yaloweke ndani ya siki usiku mmoja. Na anayemwagilia kwa mpira mchana, amwage kwanza maji yaliyolala ndani yake, yanaweza kuunguza mche papo hapo.

Mwembe wetu haukuzaa mwaka jana ijapokuwa tuliulisha vizuri majira haya.
*Mzee wa Sohar*

Shikamoo mzee. Mliulisha wakati wa kulala. Mwembe hutengeneza maua ukipata usiku wa baridi, chini ya nyuzi 20, na ukame kidogo. Mbolea ya naitrojeni ya Oktoba huuamsha utoe majani badala ya maua. Msiulishe tena hadi matunda yafikie ukubwa wa gololi, na kuanzia Novemba mpunguze maji nusu mpaka mchanuo utoke.

Tunaotaka mchicha, matembele na kisamvu, tunapandaje msimu huu?
*Kina mama wa Al Hail*

Hizi ni mboga za joto, basi nyinyi msisubiri kama wa nyanya. Mchicha siyeni Septemba: mbegu ichanganywe na mchanga mkavu, kijiko 1 cha chai kwa mita 1 ya mraba, isifukiwe zaidi ya nusu sentimeta. Hutoka kwa siku 4, huvunwa baada ya siku 28. Mkiupanda Desemba utatoka kwa unyonge na kukimbilia maua ukiwa na kimo cha kidole.

Matembele chomekeni vipande vya sentimeta 30, vifundo 3 chini ya udongo, kabla ya katikati ya Oktoba. Yatajaza tuta hadi Desemba, yatasinzia, yatarudi Machi. Mkichuma, acheni ncha moja kila mche. Kisamvu tungengoja hadi Machi; kipande cha muhogo kilichopandwa sasa hakifi, ila hukaa tu kikiwatazama majira yote ya baridi.

Huku Salalah mambo yenu hayatuhusu. Kharifu, majira yetu ya manyunyu, imekwisha, ukungu umeondoka. Tufanye nini?
*Msomaji, Salalah*

Kweli, ninyi mmetoka kwenye manyunyu ya Juni hadi Septemba na nyuzi 26, wenzenu wakiungua. Kwenu kazi ya sasa ni kufungua hewa: toeni majani makavu ya migomba, punguzeni majani ya mipapai iliyosongamana na majirani zake, ng'oeni magugu kabla hayajatoa mbegu. Majani yenye unga mweupe kwenye mimea ya tango nyunyizieni salfa ya maji, gramu 2 kwa lita, jioni. Kisha pandeni.

Tumepanga viti bustanini kwa chai ya jioni, lakini mbu hatukaliki. Tumezungusha vyungu vya mchaichai na bado.
*Familia ya Qurum*

Mchaichai uliosimama chunguni haumfukuzi mbu. Mafuta yake hutoka jani likivunjwa, na hata hivyo kwa dakika chache. Afadhali muukate mtie ndani ya birika.

Mbu wa mchana na jioni, yule mwenye mistari myeupe miguuni, ndiye anayeweza kubeba dengi, na huzaliwa mita chache kutoka kitini kwenu. Hutaka maji safi yaliyotulia, hata ya kina cha kizibo cha soda. Kutoka yai hadi kuruka ni kama siku 7 hadi 10 katika joto hili, kwa hiyo zunguka mara moja kwa wiki, siku maalumu, na umwage: visahani vya chini ya vyungu, ndoo ya kiyoyozi isiyofunikwa, mfereji wa paa, mpira wa gari, jagi la kumwagilia. Visahani visugue pia, mayai hushika ukutani na hustahimili ukavu kwa miezi. Mtungi wa maji ya kiyoyozi ufunikwe kwa kitambaa kilichokazwa kwa kamba.

Kwenye viti, feni ya kusimama ndiyo silaha. Mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo wa kiasi kile humshinda. Iwekwe chini, ikipuliza usawa wa miguu, kwa kuwa ndiko anakotua. Hamisheni umwagiliaji uwe alfajiri, ili saa mnayokaa ardhi iwe kavu. Taa kali ya juu izimwe. Mwanga wa njano hafifu hauvuti wadudu wengi. Na Oktoba jua linazama kabla ya saa 12 jioni, basi chai yenu ikiwekwa saa 10 na nusu mtakuwa mmekula bagia zote kabla ya giza.